Matumizi Yaliyotangulia

Mkutano ulifanyika Jumanne alasiri katika ukumbi wa shule ya Las Tinajas, madirisha yakiwa wazi kuusubiri upepo wa mto Magdalena ambao haukuja. Injinia Marbel Osío wa ofisi ya mipango miji alikuwa akiwafafanulia wakazi maneno ya mpango mpya. Msongamano, alisema, ni wingi wa watu wanaoruhusiwa kuishi katika eneo moja.

"Kwangu tunalala tisa chumba kimoja," alisema Tulio, fundi viatu. "Aliyeturuhusu nani?"

Watu walicheka, naye Injinia akacheka kidogo, kisha akaendelea. Mtaa wote ulikuwa umetengwa kwa ajili ya maghorofa. Majiko ya kuni na karakana za uani hazikuruhusiwa tena, isipokuwa zilizokuwepo kabla ya mpango. Hayo yaliitwa matumizi yaliyotangulia, na yangeendelea mradi aliyeyaanzisha haachi.

Eduvina Pertuz, aliyepika bollo, mikate ya mahindi inayofungwa kwenye maganda na kuchemshwa, uani kwake tangu usichana, alinyoosha mkono.

"Mwanangu, kuacha ndiyo nini?"

"Kuzima jiko, mama. Ukizima, haki imekwisha, na kiwanja kinafuata mpango."

"Na nikifa?"

"Ukifa umeacha."

"Na binti yangu, je? Anapika kunishinda, tatizo lake mdomo tu."

"Haki hiyo hairithiwi, mama."

Eduvina alishukuru, akaketi.

Alikufa Oktoba, wakati wa mvua, wakamzika Ijumaa. Jumamosi alfajiri binti yake Nidia alisikia kinu kikilia uani. Alitoka, akamkuta mama yake anatwanga, udongo umemganda kwenye nywele.

"Mahindi yamechacha," alisema Eduvina. "Nageuza mgongo kidogo tu, yanachacha."

"Tulikuwa na msiba, Mama."

"Nimeuona. Lete maganda."

Nidia alileta maganda, wakaanza kufunga. Kulipopambazuka wateja walikuja kama kawaida. Padri aliyeongoza maziko alichukua mbili. Tulio aligusa mkono wa Eduvina alipopokea yake.

"Baridi hii, Bi Eduvina! Hata bollo zinaogopa kuiva."

"Zinaogopa sura yako," alisema Eduvina.

Kabla ya Krismasi Injinia alikuja kukagua. Alisimama kando ya jiko, akamtazama Eduvina kwa muda mrefu. Kifua cha Eduvina hakikupanda wala kushuka.

"Ni mtu yule yule?" aliuliza.

"Ni yeye," alisema Nidia.

"Basi hajaacha."

Alikula bollo moja kwa jibini, akasifu chumvi yake, akaenda zake.

Majirani walilielewa neno lile la kuacha vizuri zaidi baada ya hapo. Kinyozi wa kona alirudi kwenye kiti chake akiwa na suti aliyozikwa nayo. Fundi seremala alirudi naye, ingawa mjane wake alikuwa ameshaolewa, na mume mpya akawa anamshikia mbao. Jioni mtaa ulinuka udongo uliochimbuliwa. Waliokuwa na wafu wasiotaka kurudi walihama, na mahali pao pakainuka maghorofa. Kufikia mwaka uliofuata ua wa Eduvina haukuona jua tena baada ya adhuhuri.

Wafu hawakulala. Hawakuweza, kwa kuwa kope zao hazikushuka zenyewe. Eduvina alipika mchana, na usiku alikaa kwenye kigoda akilinda makaa, macho wazi, vumbi la ujenzi likitua juu yake.

"Nimechoka, mwanangu," alisema siku moja. "Niache nizime."

"Tutakwenda wapi, Mama? Na wale binti zangu walio ndani?"

Eduvina aliutazama mlango wa nyumba. Akachukua mwiko.

Nidia alikwenda ofisini kuuliza kama neno lile lingeweza kuandikwa upya. Injinia alimkaribisha kahawa. Alisema kwamba neno halikuwa na kasoro, na kwamba akimwona mama yake amsalimie.

Aliporudi, Eduvina alikuwa ameshapanga bollo kwenye sufuria na kufunika. Kulikuwa na muda kabla maji hayajachemka. Nidia alipiga magoti mbele ya kigoda, akampangusa mama yake vumbi usoni, kisha kwa vidole viwili akamshusha kope, moja baada ya nyingine. Mabega ya Eduvina yalilegea. Nidia aliiegemeza ile shingo baridi begani kwake, akatulia, akisikiliza sufuria.

Kifuniko kilipoanza kucheza, alizipandisha kope.