Jibu la Kinyozi

Siku waliyomzika kaka yake, Kinyume alirudi ofisini saa saba na nusu, udongo ukiwa bado umeganda kwenye visigino vya viatu vyake, akaketi na kuandika maneno mia sita ya kuyasifu mashimo ya barabarani. Mashimo, aliandika, ndiyo walimu wetu wa subira. Yamewafanya madereva wakorofi waendeshe kana kwamba wamepakia mayai, na yamewapatanisha majirani waliokuwa hawasalimiani, maana adui yako akikusaidia kulinasua gari huwezi tena kumnunia. Saa nane kamili makala ilikuwa mezani kwa mhariri. Mhariri aliisoma, akacheka kwa puani.

"Leo umepatia," alisema.

Kinyume akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia alikotoka. Si kwamba alificha. Aliyatafuta maneno ya kulisema jambo lile, akakuta kinywa kitupu, akaona bora aende akanawe mikono.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Wasomaji walimwita Kinyume kwa sababu ya safu yake ya kila Jumamosi, "Upande wa Pili". Sukari ikipanda bei, yeye huyapongeza meno. Umeme ukikatika, hulishukuru giza kwa kuwakumbusha wanandoa sauti za wenzao. Watu walikata makala zake na kuzibandika ukutani, wakasema yule bwana ana kipaji cha pekee.

Wasichojua ni kwamba kipaji chenyewe kilikuwa cha kuazima. Kaka yake alikuwa kinyozi mwenye viti vitatu na kioo kimoja chenye ufa, na kila asubuhi alikisoma kwa sauti kichwa cha habari cha siku hiyo, akawaacha wateja waseme yao, kisha akachukua upande ambao hakuna aliyeutaka. "Mteja aliyenyolewa nusu hawezi kuondoka," alizoea kusema, "kwa hiyo mpinge taratibu, una muda." Kinyume alikulia kwenye benchi la kusubiria zamu, madaftari mapajani, masikio yakiwa kwa kaka. Miaka thelathini baadaye, alipokwama katikati ya makala, alikuwa akijiuliza tu: kaka angesemaje?

Kaka alipolazwa, shemeji yake alimpigia simu. "Shemeji, anakuulizia."

"Kesho nitafika," alijibu Kinyume. Kesho ikazaa kesho nyingine, na hiyo nayo ikapata watoto. Wiki ya nne alijikaza akafika hadi mlango wa wodi. Kupitia kioo aliwaona wauguzi wawili wakimgeuza mgonjwa upande, na mgongo aliokuwa akibebwa juu yake utotoni, mgongo mpana kama ubao wa darasa, sasa mbavu zake zilihesabika. Hawakupata taabu yoyote kumgeuza. Kinyume alisimama pale kwa muda wa mtu kufunga kamba za viatu, kisha akashuka ngazi.

Wiki hiyo makala yake iliitwa "Waacheni Wagonjwa Wapumzike". Ilisema mtu akiugua, jamaa humgeuza kuwa maonyesho. Kwamba wageni huja na maswali ya kipuuzi na nyuso za msibani, wakamchosha kuliko homa. Kwamba upendo wa kweli ni kubaki nyumbani. Barua za kuisifu zilikuja nyingi kuliko za mwaka mzima. Siku nane baadaye shemeji alipiga tena. Alilia tu hadi Kinyume akaelewa.

Tangu hapo alikuwa mtu aliyekufa ganzi. Ganzi ya mguu humalizika kwa sindano sindano, ukajua damu inarudi. Yake haikuwa na sindano. Alikula na kushiba, alilala na kuamka, alichekesha watu kila Jumamosi. Shemeji alimwita aje wagawane nguo za marehemu. Akaenda, akakunja mashati kumi na moja vizuri sana, akarudi.

Wiki ya tatu baada ya maziko, mlinzi wa mlangoni alimwambia kuna mgeni wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, sare yake nyeupe ikichungulia chini ya sweta, mkoba umebanwa kwapani.

"Habari za kazi. Wewe ndiye unayeandika Upande wa Pili?"

"Ndimi."

"Mimi ni muuguzi. Nilikuwa zamu kwenye wodi ya kaka yako." Aliketi bila kuambiwa. "Nimechelewa kuja. Alinipa amana, nami nikaona nisiilete siku za msiba."

Kinyume akavuta kiti karibu.

"Makala yako ya wagonjwa, nilimsomea mimi. Macho yalikuwa yamechoka. Alicheka mpaka tukamkalisha apate pumzi. Akaniambia, sista, soma tena. Nikasoma. Mara ya pili hakucheka. Akasema nichukue kalamu, kuna jibu."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, upande mmoja ni fomu ya kupimia joto la mwili, upande wa pili mwandiko wa haraka, umelala kama majani baada ya mvua. Kinyume akasoma.

*"Mhariri. Mwandishi wako anasema wagonjwa tupumzike. Mimi nina wiki tano chali. Nikipumzika kuzidi hapa watanifukia. Anasema wageni huuliza mambo ya kipuuzi. Kweli kabisa. Jana mmoja kaniuliza, umelala? Nikamjibu, hapana, naogelea. Tukacheka wote, na saa nzima ikapita bila mimi kuiona. Anasema wageni humtazama mgonjwa hadi akajiona amekonda. Kuna mmoja hajanitazama hata mara moja, na bado nimekonda. Mwambie mwandishi ugonjwa wangu hauambukizi. Kinachoambukiza ni woga, na huo nadhani nilimwambukiza mimi, maana siku tuliyomzika mama nilimkataza kulia mbele za watu, naye ni mtoto msikivu. Sasa namruhusu. Ni mimi, Kinyozi."*

Aliirudia mara mbili. Kalamu ilikuwa imepita vizuri, hapakuwa na neno lililofutwa.

"Alikuwa amekasirika?" aliuliza.

Muuguzi alifikiri kabla ya kujibu, na Kinyume akamshukuru moyoni kwa hilo. "Siku mbili za mwanzo, ndiyo. Kila mlango ukifunguliwa aligeuza shingo. Baadaye alikuwa anageuza shingo tu, bila hasira." Akasimama, akakaza sweta. "Mimi naingia zamu saa tisa."

Alipoondoka, saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika arobaini. Kinyume alikuwa na makala tayari, ya kuwatetea mbu. Aliiacha kwenye droo. Akanakili jibu la kinyozi, neno kwa neno, hakugusa hata nukta, akalipeleka mezani kwa mhariri na kubaki amesimama.

Mhariri alisoma. Kwenye kuogelea akacheka, si kwa puani safari hii, kwa kifua kizima. Alipofika mwisho alivua miwani, akairudisha, akarudia mistari ya chini.

"Huyu ni nani?"

"Kinyozi."

"Samahani nikisema, lakini anakushinda. Ananichekesha, halafu ananikaba koo." Alikwisha kuvuta daftari lake. "Watu wa namna hii hawaachwi. Unamfahamu?"

"Ni kaka yangu."

"Na umenificha miaka yote? Nipe namba yake, nimpigie mwenyewe."

Namba ile Kinyume aliijua kwa moyo. Akaanza kuitaja, tarakimu moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayesoma bei za bidhaa. Mhariri akaandika. Sifuri, saba, tano. Mbili. Sita. Kwenye tarakimu ya sita kitu kikamchoma chini ya koromeo, chembamba, kikali, kisha kingine, kisha vingi. Akashika ukingo wa meza.

Mhariri alikuwa bado ameinamia daftari, kalamu juu ya karatasi.

"Halafu?" aliuliza.