Gari Linamisi Kwenye Ukungu

Nareyu alimpakata Sinyati, mwanawe wa miezi saba, akaketi juu ya tairi bovu bila kubandua macho kwenye mikono ya fundi Clemensi. Koinet, mumewe, alishamwonya: mafundi wa Karatu ukizubaa tu, kifaa kizima kinatoka, kibovu kinaingia. Na pikapu ile kuukuu ndiyo iliyoteremsha maziwa ya boma lao kutoka Ngorongoro. Wiki hii ilizimika njiani mara mbili, yakachacha. Watu wa loji ya watalii wanaoyanunua wakasema yakichacha tena, watatafuta muuzaji mwingine.

"Mama Sinyati, injini haina neno. Sikiliza inavyoimba."

"Huku inaimba. Kule juu kwenye ukungu inamisi, inakohoa kama ina kifaduro."

"Basi ilikuwa uipeleke zahanati!"

Nareyu hakucheka. Hata dume kilema husifiwa siku ya mnada.

Clemensi akachomoa waya wa plagi ya kwanza, injini ikayumba. Akaurudisha, akajaribu wa pili, wa tatu, wa nne. Yumba, yumba, yumba. Plagi zote zilikuwa zinachoma. Akakuna kichwa, akachota maji kwenye kopo, akazinyunyizia nyaya kwa vidole kama padri. Papo hapo injini ikaanza kukohoa, cheche za buluu zikiruka toka kwenye nyaya hadi kwenye chuma.

"Umeiharibu!" Nareyu akasimama.

"Huo ndio ukungu wako, shemeji. Nyaya zimechanjwa kwa kisu. Zikilowa, moto unatorokea hapa, haufiki kwenye plagi."

"Si ulizifunga wewe mwezi jana?"

"Nilifunga. Nichanje ili nipate nini?"

Nareyu akainama, tayari kwa maneno makali zaidi. Kila waya ulikuwa na mikato miwili upande huu, mmoja upande ule. Mikato hiyo aliijua. Ilikuwa kwenye masikio ya kila ng'ombe wao, alama ya boma.

Akapiga simu. "Baba Sinyati, umechanja nyaya za gari?"

Koinet akajibu: "Nimezitia alama. Zisibadilishwe."

"Hazikubadilishwa. Maziwa ndiyo yamechacha."

"Hizo za zamani usimwachie," Koinet akasema.

Nareyu akakata simu. Uso wake ulikuwa unawaka kwa aibu.

"Fundi, samahani. Ni sisi. Funga mpya, alfajiri nateremsha maziwa."

"Na hizi?"

Akaitazama ile mikato. "Tupa," akasema.