Silinda ya Tatu

Kwa siku ya nne mfululizo, Asiya alisimama mlangoni akilisikiliza gari la marehemu mumewe likitetemeka uani. Lilikuwa limewashwa tu, halijaenda popote. Lingurume, likwame, likohoe, lingurume tena. Kwa wengine hiyo ilikuwa injini mbovu. Kwa Asiya ilikuwa sauti ileile ya mwaka jana, wiki ya mwisho ya Ishak.

"Nusaiba mwanangu, leo usiende."

"Mama, watoto saba wananingoja Mwabungo. Nikikanyaga mafuta linatulia. Sikiliza."

"Ukikanyaga, naam. Na ukisimama?"

Jana tu lilimzimikia Nusaiba pale njia ya Mwabungo inapoingia barabara kuu, pua ya gari iko juu ya lami, watoto wa shule wamejaa nyuma. Lori la miwa lilimkwepa kwa honi na matusi. Na palepale ndipo alipofia baba yake. Gari ni lilelile, lilizima vilevile, ila lori la siku ile halikukwepa. Baadaye mlango ulibadilishwa, bodi ikanyooshwa na kupakwa rangi, na Asiya alipomaliza eda binti yake akashika usukani, kwani riziki nyingine haikuwapo.

Wanawake waliokuja matangani walisema neno moja: kijicho. Gari lilionewa gere tangu siku lilipoingia uani. Asiya aliamini, na aliamini kwamba kijicho hicho bado kimo. Ndiyo maana juma lililopita alikwenda kwa Maalim Athmani kuomba kombe, yale maneno ya Mungu yanayoandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe kisha yakaoshwa kwa maji ya marashi. Maalim alimwagiza binti anywe, basi. Lakini Asiya alikuwa na hesabu zake. Kombe humkinga mtu kwa kuingia ndani ya mwili, na ndani ya gari ni injini. Alfajiri, Nusaiba akiwa kwenye mswala, alifungua boneti, akasoma Ayatul Kursi, akamimina chupa nzima mpaka tone la mwisho.

Tangu siku ile likaanza kutetemeka. Asiya hakuwaza maji hata kidogo. Aliwaza kwamba kilichomo ndani kimechokozwa.

Basi asubuhi hiyo alisimama mbele ya gari, mikono juu ya boneti, mpaka Nusaiba akasalimu amri. Watoto wakatafutiwa tuktuk, na fundi Kavumbi akaitwa kutoka Ukunda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, dereva. Washa, usikanyage kitu."

Kavumbi aliweka kiganja juu ya injini, akafumba macho. "Ana miguu minne huyu, na mmoja unachechemea. Tuutafute ni upi."

Juu ya kila silinda palikuwa na koili yake, ile inayopeleka moto kwenye plagi. Akachomoa waya wa koili ya kwanza. Injini ikayumba, nusura izime. Akaurudisha. Wa pili, ikayumba vilevile. Akachomoa wa tatu. Hapakubadilika kitu.

"Huyu hapa. Nimemkata pumzi wala hakushtuka. Alishakufa zamani."

"Inna lillahi," Asiya akanong'ona, akijifunika mdomo kwa ncha ya leso.

Fundi alizima gari, akafungua skrubu, akaing'oa koili ya tatu. Mpira wake ulitoka umelowa. Akaunusa, akaunusa tena.

"Ehee! Nimekuta oili humu, nimekuta matope, nimekuta mpaka panya. Marashi, leo ndiyo mara ya kwanza. Kwani bibi huyu anaolewa lini?"

Nusaiba alicheka sana. Kisha akauona uso wa mama yake.

"Ni kombe," Asiya alisema. "Nilimimina mimi. Nilitaka kukukinga."

Kavumbi aliacha utani. Alimweleza taratibu, kama mtu anayezungumza na mama yake mzazi. Plagi inakaa ndani ya shimo refu. Maji yakiingia hayana pa kutokea, na cheche inapotelea humo kabla ya kuyafikia mafuta. Gari likiwa mbioni miguu mitatu inaubeba ule mmoja. Likisimama, nguvu ni kidogo, linaanguka.

"Kumbe maji tu," Nusaiba akasema, akamshika mama yake mkono. "Alhamdulillahi, mama. Si kijicho."

Asiya alianza kushusha pumzi. Lakini fundi alikuwa ameitoa plagi yenyewe, akiigeuzageuza juani.

"Haya maji ni ya juzi. Kutu hii si ya juzi. Tazama ilivyokula chuma, na huu umanjano uliogandia chini. Maji yaliwahi kuingia humu, yapata mwaka sasa. Mzee alikuwa akiiosha injini?"

"Baba? Hata kitambaa hakutaka kipite hapo." Nusaiba akakunja uso. "Ila wiki ile alilalamika. Alisema linamzimikia kila akisimama. Alikuwa alilete kwako Jumamosi."

Ishak alizikwa Ijumaa.

Asiya aliiona akilini ile chupa ya kwanza ya kombe. Gari lilikuwa na siku chache nyumbani, majirani wakipita kulitazama, na yeye akaogopa. Mwaka mzima hakuikumbuka ila kwa kulalamika kwamba kombe lake lilizidiwa nguvu na kijicho cha watu.

Kavumbi alikausha shimo kwa tambara, akatia plagi mpya na koili mpya, akawasha. Injini ikanguruma sawasawa, laini. "Sasa aliyemimina ile mara ya kwanza," alisema akipangusa mikono, "mtafuteni mumwambie asirudie. Maji kama hayo jana nusura yaue watu wanane."

Neno moja, "sijui", lingetosha. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Hata ile ni mimi," Asiya alisema.

Kavumbi alikusanya vyombo vyake, akaondoka. Nusaiba alishuka garini, akampita mama yake bila kumgusa, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Saa sita u nusu alitoka amenawa uso, akaketi kwenye usukani.

"Ingia, mama."

"Wapi?"

"Watoto wanatoka shule. Ingia."

Pale kwenye barabara kuu Nusaiba alisimamisha gari, pua karibu na lami, akangoja. Lori la kwanza likapita, upepo wake ukatikisa vioo. Likapita la pili. Injini haikutetemeka. Njia ikawa nyeupe pande zote mbili, na bado Nusaiba hakuondoa gari.

"Sikiliza," alisema, macho yakiwa mbele. "Siku ile lilitakiwa lisimame hivi, bila kuzima."