Mguu wa Mkwe

Tangu mkewe Wankyo afariki, Mzee Magige alikuwa anazungumza na mkaza mwanawe kwa kupitia jogoo. Anakaa upande wake wa uwanja, jiko amelipa mgongo, anamwangalia jogoo na kumwambia, "Wewe, tumbaku yangu imeisha." Robi naye, ameinamisha uso mlangoni, anamjibu jogoo yule yule, "Kesho nakwenda Bunda, nitapita dukani." Jogoo anadonoa zake. Mambo yanakwenda.

Ndiyo heshima ya ukwe kwa watu wa kwao. Baba mkwe hampi mkono mke wa mwanawe, hakai naye mkeka mmoja, hamtaji jina. Zamani kazi ya kupeleka maneno huku na huku ilikuwa ya Wankyo. Lakini Wankyo alikufa mwaka wa Operesheni, walipopakiwa kwenye lori pamoja na vyungu vyao kutoka vilima vya nyuma ya Nyamuswa, wakashushwa kwenye kijiji cha ujamaa ambacho kilikuwa bado ni vigingi tu vimechomekwa porini. Walilala chini ya turubai, mvua ikapiga, kifua kikambana mama wa watu. Magige alipokwenda kuomba gari la kumfikisha hospitali, katibu wa kijiji alimjibu kwamba gari liko kazini, linahamisha wananchi. Wakubwa wana jibu kwa kila kitu. Wankyo alizikwa kabla nyumba yake haijaezekwa, na tangu hapo Magige akimwona mtu mwenye kalamu mfukoni anatema mate pembeni.

Kwa hiyo siku Robi alipomweleza jogoo kwamba ofisi ya michezo imemchagua ajifunze kazi ya kutunza wachezaji, mzee alicheka cheko la hasira.

"Jogoo, umesikia hayo? Watu waliokosa gari la mgonjwa leo wamepata mwalimu wa kufunga miguu ya wanaokimbizana na mpira!"

Robi akaendelea kupepeta mtama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kudaka. Alipokuwa darasa la saba hakuna goli la netiboli lililokuwa linamshinda. Mumewe Boniphace, aliyekuwa anafanya kazi kiwandani Mwanza, alikwisha kubali. Mambo yalikuwa wazi. Akifaulu mtihani atapewa cheti, na cheti kile ni kazi: atakwenda na timu ya wilaya kila inakokwenda, mwenye kuumia ni wake. Akishindwa, kozi imefungwa, hakuna aliyejua kama itarudi, na nafasi atapewa mtu wa mjini. Kilichokuwa kimebaki ni mzee asikatae.

Mzee hakukataa. Alitema mate tu.

Basi kila Jumamosi Robi akawa anakwenda Bunda na kurudi na jambo jipya kichwani. Leo kifundo cha mguu kilichoteguka, wiki nyingine bega lililochomoka, mara msuli wa paja uliokaza, mara namna ya kumbeba mtu kwenye machela bila kumtikisa shingo. Bendeji alikata kwenye kanga kuukuu. Wa kujifunzia hapo nyumbani hakuwa naye, kwa hiyo alifunga mguu wa kitanda, akafunga mchi, mwishowe akamfunga mbuzi jike mguu wa nyuma vizuri kabisa, mbuzi akachechemea mchana kutwa kama mchezaji aliyekatwa ngwala. Majirani walikufa kwa kicheko.

Magige hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Robi alikuwa anayasema masomo yake kwa sauti huku anapepeta mtama: mchezaji akiteguka, kwanza mpumzishe, mpoze kwa maji baridi, umfunge, halafu umwinue mguu. Jioni moja akaruka hatua moja.

"Jogoo," mzee akaita toka upande wake, "huyu mtu kasahau kupoza. Mchezaji atavimba huyo."

Robi akashika mdomo. Tangu msiba, ilikuwa mara ya kwanza mtu kusikia kicheko cha mwanamke katika uwanja ule.

Kuanzia hapo mzee akaanza kuringa. Pombe ya mtama ikiwa kwa Keraryo, ndugu yake wa ukoo, anaingia na kifua mbele. "Kwangu kuna mtaalamu," anasema. "Nyinyi kwenu kuna nani?"

"Kwetu kuna wake wenye adabu," Keraryo akamjibu siku moja, na watu wakaangua kicheko. "Mkaza mwanao anafundishwa kushika mapaja ya wanaume, na wewe unajisifu! Sisi zamani tulikuwaga tunaona haya."

"Ng'ombe wako akivunjika mguu unamwita nani?"

"Nakuita wewe."

"Na mimi nikimshika paja, ng'ombe anaonaga haya? Au unaona haya wewe kwa niaba yake?"

Kicheko kikahamia upande wa pili. Lakini neno la Keraryo lilimkaa mzee rohoni, hata hakuimaliza pombe yake.

Siku ya mtihani ilikuwa Musoma. Kila mtahiniwa aliambiwa aje na mtu wake wa kufungwa bendeji, mtu mmoja kwa mtahiniwa mmoja, na wa Robi alikuwa Shani, binti wa Hasani fundi cherehani wa Bunda mjini, aliyecheza naye netiboli. Boniphace hakupewa ruhusa kiwandani, na mke wa mtu haendi mbali peke yake, kwa hiyo Magige alivaa koti lake na kusindikiza. Ndani ya basi alikaa mbele, Robi akakaa nyuma kabisa.

Kabla basi halijaondoka Bunda, Hasani fundi alikuja mbio na kipimo chake cha nguo bado kinaning'inia shingoni. Shani ameamka na homa, hawezi hata kusimama.

"Samahani sana, mwanangu," akamwambia Robi dirishani. "Ningekuja mwenyewe, lakini hili tumbo langu hata bendeji ya hospitali nzima haitoshi."

Robi alijaribu kucheka, ikashindikana. Basi likaondoka. Kwenye njia panda ya Butiama walipanda watahiniwa wengine wawili, kila mmoja na mtu wake, wanachekeana. Robi akageukia dirishani.

Mtihani ulikuwa kwenye kiwanja kisicho mbali na ziwa; upepo ulikuwa unapeperusha bendeji za watu. Mtahini mkuu, Ndugu Pazi, alikuwa mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni na kalamu mbili mfukoni. Magige alizihesabu zile kalamu akiwa nje ya uzio, akatema mate.

Alimwona Robi anaongea. Akamwona Pazi anatikisa kichwa.

"Sheria ni sheria, dada," Pazi alikuwa anasema. "Mtu wa kuazima haruhusiwi, kwa sababu huyo amekwisha fungwa na mwenzako, anajua maswali. Huna mtu, huna mtihani. Pole."

Hao hao, Magige akasema moyoni. Siku ile gari halipo, leo mtu hayupo. Siku zote kwao kuna kitu hakipo, na anayezikwa ni mwingine. Kabla hajajua afanyalo, alikwisha inamisha kichwa na kupita chini ya kamba ya uzio.

"Mtu wake ni huyu hapa," akasema, na akaanza kukunja suruali.

Robi akapiga magoti pale pale, uso kando. "Hapana, baba. Hapana! Siwezi kukushika."

"Kuna nini?" Pazi akauliza.

"Ni baba mkwe wangu, Ndugu mtahini. Kwetu ni mwiko."

 Wale wa Butiama, walioelewa vizuri zaidi kuliko wengine, wakatazama chini. Hata Pazi alishusha kalamu.

Magige aliangaza kulia na kushoto. Jogoo hayupo. Wankyo hayupo. Kulikuwa na mkwe wake aliyepiga magoti kwenye vumbi, na cheti kinaondoka na upepo wa ziwa.

"Robi," akaita.

Hakuwahi kulitaja jina lile. Mwanamke alishtuka kama amemwagiwa maji.

"Inuka, Robi. Mwiko una faini yake, na faini yake ni mbuzi. Mbuzi nitatoa mimi. Keraryo na wenzake watakula, watasema, watashiba, watalala. Lakini mtihani hauna mbuzi. Ukiondoka hapa leo, mimi nitatoa nini wakurudishie?"

"Watakucheka, baba."

"Walinihamisha kwa lori nikiwa nalia, watu wakanitazama. Kuchekwa kunitishe?"

Akakaa kwenye benchi na kunyoosha mguu wa kulia. Ulikuwa mguu mkavu, mweusi, wenye makovu ya miiba na jembe. Robi alinawa mikono kwenye beseni, akaja, akasita kidogo, kisha akaushika.

"Haya," Pazi akasema, sauti imebadilika. "Mchezaji ameanguka vibaya. Anasema kifundo kinamuuma. Anza."

Robi akauchukua mguu kama alivyofundishwa, mkono mmoja chini ya kisigino. Akabonyeza taratibu. "Inauma hapa?"

"Hapana," Magige akasema.

"Na hapa?"

"Hapana."

Pazi akainama. "Mzee, wewe ni mgonjwa. Jifanye unaumwa."

"Mimi?" Magige akakunja uso. "Nilipotahiriwa sikupepesa jicho. Leo niumwe mbele ya watu kwa sababu ya mpira?"

Watu wakacheka. Robi hakucheka. Jasho lilimtoka, maana alijua alama zinapotea hivyo: bila kupata mahali panapouma hawezi kuendelea. Mzee aliyemkingia kifua ndiye sasa anayemwangusha, tena kwa kiburi kitupu, na haoni.

Akaacha kuuliza. Akautazama mguu. Akaupapasa upya, upande wa ndani, upande wa nje, akiangalia vidole vya mguu badala ya mdomo wa mwenye mguu. Alipofika nyuma kidogo ya kifundo, vidole vile vikajikunja.

"Ni hapa," akasema. "Huyu mchezaji anaficha, Ndugu mtahini. Wanaotaka kurudi uwanjani ndivyo wanavyofanyaga. Na hapa si kuteguka kwa leo. Pana mfupa ulivunjika zamani ukaungana wenyewe, umepinda."

Pazi akapapasa. Akamtazama mzee. "Ni kweli?"

Magige aliutazama mguu wake. Ilikuwa siku ya lori. Aliruka kwanza ili ampokee Wankyo, akatua kwenye kigingi. Hakumwambia mtu, kwa sababu mwenye kuambiwa alikuwa anakohoa chini ya turubai, na baada ya hapo hapakuwa na wa kuambiwa. Miaka yote ile alikuwa anaondoka mapema kwenye pombe ili watu wasione anavyochechemea jioni. Leo vidole vya binti huyu vimepita tu, vimejua.

"Ni kweli," akasema.

"Utafanya nini?" Pazi akamgeukia Robi.

"Nitapoza, nitafunga, na huyu mchezaji hachezi tena." Akamwangalia mzee usoni, macho kwa macho. "Hata akikasirika. Baba, leo umetoka mchezoni."

Mtu yeyote aliyewahi kumwambia Magige afanye hiki au kile alikuwa na kalamu na lori. Huyu alikuwa na kitambaa cha kanga. Mzee akainamisha kichwa.

"Nimetoka," akasema.

Robi alifunga bendeji kuanzia vidoleni kwenda juu, kila mzunguko umelala nusu juu ya mwenzake, haikubana sana wala haikulegea. Pazi alipitisha kidole chini yake kuangalia, akaandika. Mchana ule ule majina yalisomwa, na jina la Robi lilisomwa la pili toka juu. Cheti akakiweka kifuani ndani ya kanga. Magige alimtazama mtahini, akaona kwamba mate hayaji.

Bendeji hakuifungua. Alilala nayo kwa Mkurya mmoja wa Musoma, akapanda basi nayo, akashuka nayo Bunda akamwonyesha Hasani fundi, na walipofika kijijini, badala ya kupita njia ya shambani ya kwenda nyumbani, alizunguka mbele ya ofisi ya kijiji. Suruali ameikunja. Alikuwa anachechemea waziwazi, polepole, kila mtu aone. Robi alikuwa nyuma yake.

Katibu alikuwa amekaa nje kwenye kiti, anasoma karatasi zake. Keraryo na wazee wengine walikuwa wanasubiri zamu yao.

"Mzee Magige! Vipi, umeumia?"

"Nimeumia," Magige akasema kwa sauti ya kufika hadi ghala la pamba. "Mwaka ule mliponishusha. Mlikuwa hamjui, na nyinyi hamkuwa na wa kuwajulisha. Sasa yuko. Ana cheti, kimegongwa muhuri wenu wenyewe." Akageuka. "Robi, unasemaje, nitembee mpaka nyumbani?"

Keraryo akafungua mdomo kwa lile jina. Robi aliona aibu, akaiona pia furaha ya mzee, akachagua.

"Hapana, baba. Umetembea vya kutosha. Kaa kwanza."

Magige akakitazama kiti kimoja tu kilichokuwepo.

"Umesikia mtaalamu," akamwambia katibu.

Katibu akainuka na karatasi zake. Mzee akakaa, akanyoosha mguu wake wa bendeji ya kanga katikati ya njia, na waliokuwa na shida za ofisini wakawa wanauzunguka.