Mapazia ya Chumba cha Nyuma

Alikuwa fundi mapazia, ingawa kushona hasa alishona wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, mwanamke wa ulimi mkali na mkono mwepesi. Kazi ya fundi ilikuwa kuingia majumbani mwa watu, kupima madirisha, kisha kurudi kutundika. Na kwa kuwa wifi alizaliwa mjini na yeye alikuja ukubwani na mtoto mgongoni, wifi ndiye aliyemfunda. Ukiingia kwa mtu, usivue viatu mbali na mlango. Usinywe ambacho hukuona kikimiminwa. Sikiliza habari ya dirisha, mengine yakupite kama upepo.

"Mji huu hauli wajinga tu," wifi alizoea kusema, kidole gumba kikisukuma kitambaa chini ya sindano ya cherehani. "Unakula na wenye huruma."

Mteja wa siku ile alikuwa mwanamume wa makamo, nadhifu, kola imepigwa pasi, sauti laini ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Alikaa ghorofa ya tano. Alimkaribisha fundi, akamshukuru kwa kuwahi, kisha akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni.

Fundi alibaki amesimama pale pale.

"Samahani bwana, mimi nikipima napenda mlango uwe wazi. Joto."

"Mji huu mlango hauachwi wazi, fundi. Wewe si mgeni hapa."

Aliyasema kwa tabasamu, na hata wifi angesema vivyo hivyo. Akaanza kufungua futi yake kuelekea dirisha la sebuleni.

"Hapo hapana. Ni chumba cha nyuma tu. Nataka kitambaa kizito, mtu akiwa ndani asijue kama nje ni mchana. Nina mdogo wangu mle, macho yanamsumbua. Usimsemeshe, anachoka haraka."

Mlango wa chumba hicho ulikuwa na komeo, na komeo lilikuwa upande wa nje. Mwanamume alilivuta taratibu. Ndani palinuka uvundo wa nguo zisizoanikwa juani. Dirisha lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye fremu, misumari mirefu iliyopindwa vichwa. Ukingoni mwa godoro alikaa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mikono magotini, ametulia kama abiria aliyechelewa basi na hana haraka tena.

Fundi alipanda juu ya stuli. Alijikaza kisabuni, lakini futi ikamponyoka. Yule mwanamke aliinama, akaokota ncha yake, akainuka kumshikia. Mwanamume alikuwa mlangoni, anatazama.

Ndipo mlango wa nje ukagongwa. Sauti ya mlinzi wa jengo ikasikika ikiuliza habari ya maji. Mwanamume aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akaenda.

"Usipige kelele," mwanamke alinong'ona kabla fundi hajavuta pumzi. "Mlinzi ni mtu wake. Mimi si mdogo wake, mimi ni mkewe. Sijatoka humu tangu mvua za mwaka jana. Kaka yangu ni fundi viatu, anakaa mlango mkubwa wa soko, ana kovu shavuni. Mwambie nipo hai."

Nyayo zikarudi. Mwanamke aliinua ncha ya futi juu, kana kwamba hakuwahi kufungua kinywa.

"Mlikuwa mnazungumza," mwanamume alisema. Halikuwa swali.

Fundi aliendelea kupima. Alikohoa, kisha akajibu kwa sauti kubwa, sauti ya kumsemesha kiziwi, ili na wa pembeni asikie vizuri: "Ameniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sina, Mungu hajanijalia."

"Tangulia sebuleni."

Alitangulia. Nyuma yake mlango wa chumba ulifungwa, mwanamume akiwa ndani. Fundi alikwenda hadi mlango wa nje, akajaribu kitasa polepole, hakikusogea. Alisikia ile sauti laini ikiuliza. Kisha sauti ya mwanamke ikaja, imechoka: "Nimemuuliza kama ana watoto. Hana, maskini."

Mwanamume alitoka, akarudisha komeo, akamfungulia fundi mlango wa nje.

"Nitapita kwenu kuchagua kitambaa," alisema. "Napajua."

Fundi hakungoja lifti. Alishuka ngazi akishika ukuta. Getini mlinzi alimwambia karibu tena, mama, naye akaitikia asante, akashangaa kwamba bado ana sauti.

Wifi alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani.

"Umeona mke na mume," alisema.

"Nimeona komeo la nje, wifi. Nimeona misumari."

"Na mlinzi ni mtu wake. Ukienda polisi, nani mle ni mtu wake? Unajua? Mimi sijui. Wewe una mtoto mmoja, mimi sina hata huyo. Tushone mapazia, tupeleke, tusahau."

Siku zilizofuata alikuwa akienda kununua nyuzi kwa kuzunguka barabara ya nyuma, njia ndefu yenye matope, asipite mlango mkubwa wa soko. Aliogopa kumwona mtu mwenye kovu shavuni. Aliogopa kwamba akimwona, atazungumza.

Mwanamume alitimiza ahadi. Alikuja mchana, amevaa shati jeupe, akawaamkia vizuri, akapapasa vitambaa kimoja kimoja kwa ncha za vidole. Alipokuwa ameshika kile kizito cha rangi ya mkaa, binti wa fundi aliingia kutoka shule, begi begani.

"Shikamoo mama," alisema. "Shikamoo shangazi."

Mwanamume aliachia kitambaa. Alimtazama mtoto, akamtazama fundi.

"Ulisema hujajaliwa."

Cherehani ilinyamaza.

"Huyo ni wangu, bwana," wifi alidakia, hata uso haukuinuka. "Mimi ananiita shangazi, yeye anamwita mama. Kakulia mgongoni mwake, nimfanyeje? Mtoto wa siku hizi anachagua mama kama anachagua viatu."

Mwanamume alicheka kidogo. "Mtoto mzuri. Sare hii ni ya shule ile ya karibu na daraja, sivyo? Napita pale kila asubuhi." Akachagua kile cha rangi ya mkaa, akaaga, akaondoka polepole.

Wifi aliweka mkono juu ya cherehani.

"Funga duka," wifi alisema. "Twende kwa fundi viatu."

"Si ulisema tusahau?"

"Nilisema. Sasa amemgusa mtoto. Kuogopa tutaogopa tu, bora tuogope tukiwa wengi."

Fundi viatu alikuwa na kiatu mapajani, sindano katikati ya ngozi. Walipomnong'oneza habari, hakupiga ukelele. Alichomoa sindano, akaichomeka kofiani, akasema: "Shemeji aliniambia dada amekwenda ng'ambo kufanya kazi. Kila mwezi ananiletea salamu zake." Kisha akafunika uso kwa mikono yenye gundi. Jirani yake muuza mikanda ndiye aliyemjua askari mmoja wa kike, mtu wa kuaminika, mteja wake wa miaka. Askari aliwasikiliza, akasema neno ambalo fundi alilihofia tangu alipoanza kusikilizwa: yule bwana hatamfungulia mtu mwingine. Itabidi aende yeye.

Akaenda. Mlinzi alimpisha, maana alibeba mapazia begani na bomba la kuyatundikia mkononi, na alikuwa peke yake. Askari, asiye na sare, na wengine walikuja mmoja mmoja, huyu na mfuko wa viatu, yule akiuliza nyumba ya kupanga, wakajibanza kwenye kona ya ngazi ya ghorofa ya tano. Wifi alikuwa nao, mkasi mkononi, ingawa alikatazwa kuja.

Fundi aligonga. Tundu la mlango likaingia giza: jicho linamtazama. Alitabasamu, na midomo ilimuuma kwa kutabasamu. Ufunguo ulizunguka, mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita.

"Karibu. Ingia upesi."

Badala ya kuingia alijitupa chini na bomba. Alilisukuma kizingitini kwa uzito wake wote, akaanguka juu yake. Mwanamume alielewa papo hapo. Alibamiza mlango, ukagonga chuma. Akabamiza tena, ukaminya mkono wa fundi, na fundi hakuliachia bomba. Alimwona uso kwa karibu, umetulia vile vile, hata jasho hauna. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko maumivu. Kisha miguu ya wenzake ikamruka juu ya mgongo, na mlango ukasukumwa wote.

Walimtoa mwanamke akiwa amefunikwa koti la kaka yake. Mwanga wa korido ulimfanya afumbe macho. Milango mingine ilianza kufunguka kidogo kidogo, nyuso zikachungulia. Mama mmoja wa mlango wa pili alisema, "Tulikuwa tunasikia."

"Mlikuwa mnasikia nini?" fundi aliuliza, amekaa sakafuni, mkono kifuani.

"Mtu anagonga ukuta. Mchana kutwa. Tukadhani ni fundi."



Kesi ilichukua muda. Katikati yake yule bwana aliachiwa kwa dhamana, na fundi alipunguka mwili kwa usingizi wa mang'amung'amu. Walihamisha duka, wakamhamisha mtoto shule. Hatimaye yule bwana alifungwa, lakini mtu aliyefungwa ana siku ya kutoka, na fundi anajua hivyo. Vidole viwili vya mkono uliominywa havikurudi sawa. Bomba sasa analishika kwa mkono wa kushoto. Yule mwanamke anakaa kwa kaka yake, analala dirisha wazi hata mvua ikinyesha ndani, na hakuna anayethubutu kulifunga.

Yale aliyofundwa na wifi fundi bado anayafuata. Viatu karibu na mlango, hanywi cha mtu. Ameongeza moja tu. Kabla hajaingia kwa mteja, hugonga kwanza mlango wa jirani.

"Hodi. Mimi ni fundi mapazia, naingia hapo pembeni. Nikikawia, uniulizie."

Wengi humtazama kama mwenye wazimu, wakamfungia mlango usoni. Wiki iliyopita mzee mmoja alimuuliza, "Kwani unaogopa nini?"

"Ninaogopa, baba," alimjibu. "Ndiyo maana nimekuja kukwambia."

Mzee akavuta kiti, akakiweka kizingitini mwa mlango wake, akakaa.