Karpu wa Bwawa la Chumvi

Vifaranga mia nne wa samaki aina ya karpu walikufa siku moja. Kufika mchana walikuwa wanaelea matumbo juu, wadogo kama kidole. Mjane aliyewafuga aliwachota kwa chujio, akawafukia nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu. Lakini harufu haikumsitiri.

Kesho yake shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alifika na mfyatua matofali.

"Shemeji, ardhi hii imeingia chumvi. Mpunga umekataa, samaki nao wamekataa. Huyu bwana anautaka udongo. Kubali yaishe."

"Yaishe kwa nani?" aliuliza mjane, akiendelea kusugua ndoo. "Hapa sihami, na udongo hauhami."

"Hata bwana samaki amesema hapafai."

"Afisa yule alisema akiwa juu ya pikipiki. Mguu hakutia chini."

Mfyatua matofali alitaka kucheka, akasingizia kikohozi.

Walipoondoka, mjane alizunguka mabwawa yake matatu, nyayo zikivunja ukoko mweupe kingoni. Kwenye bwawa la mwisho, pale mfereji wa bati ulipomwaga maji ya mvua, aliona mikia ikicheza. Akachutama, akahesabu: kumi na mmoja, wazima kabisa. Alionja maji ya pale, kisha ya ng'ambo, akatema. Ng'ambo ulimi uliwaka. Hapa chumvi ilikuwa ya mbali. Ndipo alipojilaumu: aliwatoa wale vifaranga kwenye maji yasiyo na chumvi na kuwatumbukiza kwenye makali yale kwa mkupuo mmoja.

Aliponunua vifaranga wengine, hakuwatia bwawani. Aliwaweka kwenye pipa la maji ya mvua, na kila asubuhi na alasiri akawa anatoa jagi moja na kurudishia jagi la maji ya bwawa. Siku tisa, ndipo akawahamishia bwawani. Wapita njia wakamuuliza kama anatengeneza achari.

"Ndiyo," akawajibu. "Mje na sahani."

Akachimba pia mtaro kutoka chini ya paa hadi mabwawa mengine, mikono ikamtoka malengelenge. Vifaranga arobaini walikufa hata hivyo. Siku hiyo alilia, akafuta uso kwa kanga, akaenda kuchanganya pumba.

Mwezi wa nane tangu awatie bwawani, aliita watu wa kuvuta wavu. Bwana samaki naye alikuja. Safari hii alishuka, akatumbukiza kipimo chake cha chumvi, akakitazama mara mbili.

"Mama, niandike umefanyaje?"

"Andika kwanza kwamba ulisema hapafai. Mengine nitakuambia."

Aliandika kweli, kichwa kimeinama.

Wavu ulipoanza kuwa mzito, karpu wenye magamba mapana wakirusha matope, shemeji alitokea amevaa viatu vinavyong'aa. Alisimama pembeni akitabasamu kama mwenye shughuli.

"Hongera, shemeji. Nilijua tu utaweza."

Mjane alimtazama kuanzia juu hadi chini.

"Vua viatu, shemeji," alisema. "Upande ule wa kamba ya wavu unahitaji mtu."

Shemeji aliangalia matope, akaangalia watu waliokuwa wanamngoja. Akainama kufungua kamba za viatu.