Ukuta Usiovaa Kitambaa

Kwetu mtaani Mbotela, nyumba iliyotunzwa ni ile ambayo ukuta wake hauonekani. Unafunga kamba juu, unaning'iniza vitambaa mpaka chini, na mgeni akiingia anasema, hapa pana mama. Vyetu alivishona mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Susu, yaani nyanya. Alishona kwa uzi mweupe muda wote nilipokuwa na mimba ya Ndinda, mtoto aliyepewa jina lake.

Ndinda sasa ana miaka minne, na kifua chake hupiga filimbi. Tumeshazoea benchi la kliniki na ile mashine ya mvuke, barakoa ikimfunika uso hadi karibu na macho. Anapata nafuu, tunarudi nyumbani, na filimbi inaanza tena.

Jioni mimi husoma kozi ya kupanga nyumba kwa ndani. Nilidhani nitafunzwa rangi na makochi. Mwalimu wetu, Wakiuru, yeye huuliza kwanza: hapa analala nani, na anavuta hewa gani? Majuzi alitutuma kila mtu akakinuse chumba chake kabla ya kukitazama. Nilinusa kando ya kitanda cha Ndinda, nikainua kitambaa. Ukungu mweusi ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa mto wake.

Mume wangu, Muthama, ambaye ni dereva wa lori, aliingia akakuta vitambaa vimerundikwa mlangoni.

"Niaje, tunahama?"

"Bomba la bafu la jirani linavujia ndani ya huu ukuta. Gusa."

Aligusa, akajipangusa kwa suruali. Ndinda tulimpeleka kwa Susu, Makadara. Muthama na jirani wakaziba bomba, nami nikajifunga leso puani nikasugua. Kabati lililokuwa limeziba dirisha tulilisogeza, tukaacha upepo upite mpaka ukuta ukakauka, ndipo nikapaka chokaa.

"Lakini Jumapili jumuiya ya kanisa inasali kwetu," Muthama akanikumbusha akivaa koti. "Mama akikuta ukuta uko uchi, mimi niko safarini."

Susu alimleta Ndinda Jumamosi. Alisimama katikati ya chumba, mkoba ungali begani.

"Nani amefariki, hata mkauvua ukuta nguo?"

"Hakuna, mama. Karibu uketi."

"Kesho Teresiah na wenzake wa jumuiya watakaa hapa waseme mwanangu anaishi kama mahabusu wa korti ya Makadara?" Akamgeukia Ndinda. "Kwangu mtoto hajakohoa hata kidogo. Ni uji wangu."

"Uji wako ni mzuri, mama. Lakini hata kitanda chako kiko mbali na ukuta, na dirisha lako hulifungi."

"Usinifanyie darasa." Akakiendea kitambaa kile kikubwa cha kando ya kitanda cha Ndinda ili akiangike tena. Nilikuwa bado sijakifua. Alipokigeuza kutafuta vitanzi vya kamba, akaona upande wa nyuma.

Alikaa kitandani, kitambaa kikiwa mapajani. Vidole vyake vilikuwa vinapita juu ya maua aliyoyashona mwenyewe, yaliyoota ukungu mweusi.

"Kumbe mimi ndiye niliyemshonea mjukuu wangu ugonjwa."

Niliketi karibu naye.

"Maji yalikuwa ukutani kabla ya kitambaa, mama. Kitambaa kiliyaficha tu tusiyaone. Na mimi ndiye niliyekiangika, nikafurahi."

Alikikunja, upande wa nyuma ukawa ndani, akakitia mkobani na kuaga. Usiku huo sikujua kama kesho yake angekuja, au angekuja na vitambaa vingine.

Alikuja mapema, mikono mitupu, akanisaidia kupanga viti. Teresiah, mwenyekiti wa jumuiya, aliingia akazungusha macho.

"Haki, Mama Ndinda, mnahamia au mnahama?"

Nilifungua kinywa. Susu akanitangulia.

"Huo ukuta umekatazwa nguo, Teresiah. Mtoto alikuwa analala na maji. Mkazamwana wangu anasomea mambo hayo, muulize. Na wewe mjukuu wako akikohoa, inua kitambaa chako kwanza, ndipo uje unicheke."

Teresiah akavuta kiti, akakaa, na nikamwona akiutazama ule ukuta tena, safari hii bila kucheka.

"Baridi itatuua na hilo dirisha," akanung'unika.

"Jifunike shuka," Susu akasema.

Sala za Teresiah ni ndefu. Aliombea wagonjwa, wasafiri, wanafunzi, Muthama barabarani. Ndinda alikuwa amelala mapajani mwangu, mgongo wake kifuani kwangu. Niliinama, nikatega sikio. Hewa iliingia, ikatoka, bila filimbi. Nikangoja pumzi nyingine. Wote waliitika amina, nami nikaitika nimechelewa.